Bibi Amefumba Macho, Vijana Wanamtazama

Leo tunaangalia picha. Naam, picha, redioni. Nimeshamsikia mtu huko Nyamwaga anacheka kwamba mzee sasa kachoka. Subiri kidogo, mura. Zipo picha zinazosimulika, na hii nimetembea nayo kichwani tangu mwezi uliopita, nimeshindwa kuitua.

Ilianza kwa mvua. Nilikuwa stendi ya Mugumu nasubiri gari la Tarime. Mnaoijua njia ile mnajua kwamba gari huondoka likijaa, saa haina kauli. Mvua ikashuka ghafla, ile ya matone mazito yanayopiga bati mpaka mtu akiongea unaona midomo tu. Nikakimbilia kwa mama lishe. Kibanda chake ni cha mbao na mabati, meza moja ndefu iliyofunikwa nailoni ya maua, mabenchi mawili, na upande wa barabarani kuna dirisha lisilo na kioo, lina wavu wa kuku. Mlikuwa na moshi, harufu ya samaki wa kukaanga, na makoti yaliyolowa.

Mwisho wa meza walikaa vijana wawili wa bodaboda, helmeti zao wameziweka kando ya sahani kama vichwa viwili vya akiba. Mmoja anaangalia mpira kwenye simu aliyoiegemeza kwenye jagi la maji, sauti juu. Mwenzake anambishia habari za Simba na Yanga kwa maneno ambayo sitayarudia hewani. Mimi na chai yangu na chapati yangu.

Akaingia bibi mmoja na mjukuu wake, mvulana wa miaka saba au minane. Bibi kajifunga kitenge juu ya gauni, kitambaa cheupe kichwani, kiroba mkononi na kuku kwapani, kuku mwenyewe kafungwa miguu kwa kamba ya katani. Nafasi haikuwepo isipokuwa pale kwa vijana. Wakasogea. Bibi akakaa, mtoto akakaa, kuku akawekwa chini ya benchi. Ukaletwa ugali wa mtama na muhogo, ule mweusi wetu, na sato mmoja wa kugawana, na mchicha pembeni. Bibi akamnawisha mtoto, akamvua kofia, akaikunja akaiweka mapajani. Kisha akainamisha kichwa, na mtoto naye akainama.

Alichosema sikukisikia, mvua ilikuwa inanguruma. Nilichokiona ni wale vijana. Mmoja tonge lilikuwa limeshakaribia mdomo. Likasimama hapohapo. Mwenzake akanyoosha kidole, akailaza simu kifudifudi, taratibu, kama mtu anayefunika chungu. Mama lishe alikuwa anapita na mwiko, naye akasimama. Zilikuwa sekunde kumi, labda kumi na tano. Kisha mtoto akasema amina kwa sauti kubwa, maana njaa ilikuwa imemkaba. Tonge likaenda mdomoni, simu ikainuliwa, Simba na Yanga wakaendelea.

Hakuna aliyesema neno juu ya jambo lile. Lakini mimi chapati ilinishinda, kwa sababu meza ile nilikuwa nimeshaiona. Niliiona kwenye kitabu nikiwa chuo cha ualimu, na ilichorwa Marekani mwaka 1951.

Mchoraji wake anaitwa Norman Rockwell. Alizaliwa New York mwaka 1894, akafariki 1978, na tangu 1916 mpaka 1963 alichora majalada zaidi ya 300 ya jarida la The Saturday Evening Post, ambalo lilikuwa linaingia katika mamilioni ya nyumba. Huyu bwana alichora Marekani ya jirani: daktari anayepima mapigo ya moyo ya mwanasesere ili mtoto asiogope, familia imezunguka bata mzinga mezani, mzee kwa kinyozi. Alizichora kwa ustadi kiasi kwamba hata leo Mmarekani akikuambia habari za enzi za utoto wake, mara nyingi anachokikumbuka ni jalada la Rockwell, hata kama kwao palikuwa na mambo mengine kabisa.

Picha ninayoisema ilitoka tarehe 24 Novemba 1951, kwenye majira ya sikukuu yao ya Shukrani. Sasa fumba macho uione. Ni hoteli ndogo jirani na reli. Nje ya kioo kuna njia za treni na moshi, siku imepauka. Kioo kimeandikwa neno la Kiingereza la mgahawa, na kwa kuwa mimi na wewe tuko ndani, herufi tunazisoma kinyumenyume. Katikati yupo bibi mzee na mvulana mdogo, wameinamisha vichwa. Meza hiyohiyo wamebanana na vijana wawili, mmoja ana sigara mdomoni, na vijana wanamtazama bibi kwa ukaribu ambao angeweza kuzisikia pumzi zao. Wengine nao wametazama, mmoja amesimama, mwingine mbele kabisa kamaliza kula. Sakafuni kuna begi la bibi na mwavuli. Yesu hayumo, malaika hayumo. Mwanga unaingia dirishani, mwanga huuhuu unaokuja na mvua.

Wengi huisifu picha ile kwa ajili ya bibi. Mimi naona bibi ni kisingizio. Siri iko kwa vijana. Waondoe wale wawili, unabaki na kadi ya Krismasi, kitu cha kutundika msimu mmoja kisha panya wakaitafuna. Vijana wale hawasali. Hawacheki pia. Wamekutana na jambo wasilolijua, nalo limekaa nao meza moja, wakanyamaza. Mmoja wao ni Jarvis, mtoto wa kumzaa wa Rockwell, aliyekalishwa na baba yake ili achorwe. Hata meza na viti baba aliviazima kutoka mkahawa mmoja wa New York, maana alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kiwe chenyewe, hata kiti.

Jarida lilimlipa dola 3,500. Mwaka 1955 wasomaji wakaichagua kuwa ndiyo wanayoipenda kuliko zote. Na Desemba 2013 iliuzwa katika mnada wa Sotheby's kwa dola milioni 46. Kwa kiwango cha wakati ule hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 70. Bilioni 70 kwa bibi na mjukuu wanaosubiri kula! Mama lishe wa Mugumu siku ile alikuwa anatoza buku tatu na sato juu yake.

Sasa sikia lililonifanya niinuke kitini. Wazo la picha ile Rockwell hakuliota. Msomaji mmoja wa jarida alimwandikia kwamba kaiona familia ikisali mgahawani kabla ya kula, watu wa nje wakiitazama, na familia hiyo ilikuwa ya Wamennonite.

Wamennonite, jamani. Mtu wa Dodoma akilisikia neno hilo atauliza ni kabila gani. Mtu wa Mara hahitaji kuelezwa, ama amesoma kwao, ama amezaliwa kwenye hospitali yao Shirati, ama mama yake alifungwa kitambaa na wao. Walifika Shirati mwaka 1934, Elam Stauffer na Orie Miller wakiwa wa kwanza, wametumwa na makanisa ya Lancaster, Pennsylvania: wakulima, watu wa nguo za kawaida, wasiopenda mapambo, na wasioshika silaha kwa sababu yoyote ile. Toka Shirati wakasambaa, Bukiroba, Mugango, Bumangi, na huku kwetu Nyabasi. Mwaka 1942 ukalipuka uamsho pale Shirati, watu wakatubu hadharani, Wazungu na Waafrika, wakaombana radhi. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika. Basi mwaka ule Rockwell anachora familia ya Wamennonite asiyowahi kuiona, ndugu zao wa imani walikuwa wamekwisha kaa Mara miaka 17, wanakula ugali wetu na kuinamisha vichwa juu yake.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa wa Nyabasi. Alijifunza sala ya mezani kabla hajapata meza. Kwetu, kama mnavyojua, wanaume walikula peke yao, chungu chao, mazungumzo yao. Wanawake na watoto jikoni. Bibi alipookoka aliamua kwamba siku za wiki desturi ishike njia yake, lakini Jumapili mchana watu wote wa nyumba watakula pamoja, ugali mmoja, na ataombea yeye. Nadhani kwa umri wake na zama zile hayo yalikuwa mapinduzi makubwa kuliko mengi tunayofundisha darasani.

Babu hakubatizwa mpaka kifo chake. Lakini Jumapili alikuja. Aliketi kwenye kigoda chake, kiko mfukoni, na bibi akianza kuomba sisi wajukuu tulifumba macho nusu, tukimchungulia babu. Yeye hakufumba. Mkono wake ulikaa juu ya ugali, umening'inia hewani, anamtazama bibi usoni kana kwamba ndiyo anamwona mara ya kwanza. Bibi alikuwa na sala ndefu, aliwataja mpaka ng'ombe. Siku moja alipovuka mipaka, babu akamuuliza kwa upole, "Mama, huyo Mmarekani wako bado hajashiba maneno?" Bibi akasema amina kabla ya wakati. Lakini mkono wa babu, miaka yote ile, haukuwahi kugusa ugali kabla ya amina.

Ndiyo maana nilipokiona kile kitabu chuoni sikumwona bibi wa Kimarekani. Nilimwona babu, mara mbili, akiwa na sigara badala ya kiko.

Tuseme kidogo juu ya kuta. Kanisa la Wamennonite Nyabasi lilikuwa kavu, kuta nyeupe, wala msalaba wa mapambo. Hiyo ndiyo imani yao. Ila nyumbani kwa bibi, juu ya mlango wa chumba, ilikuwapo picha ya Yesu, nywele ndefu za kahawia, anaangalia pembeni, shavu linang'aa. Mnaijua. Nadhani kila mtu aliyekulia Tarime anaijua, Mkatoliki, Msabato, Mmennonite. Sisi watoto tulidhani ni picha ya kamera, na kwamba mpiga picha alikuwako. Kumbe aliichora Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940, na nakala zake duniani zimepita milioni 500. Wasabato nao walileta vitabu vyao vyenye picha za rangi za Harry Anderson, aliyechora mwaka 1945 Yesu ameketi bustanini na watoto wa Kimarekani wenye viatu na soksi, mtoto anamuuliza mkono wake umefanya nini. Mapadri wa Maryknoll, waliofika Musoma kutoka New York mwaka 1946, nao walikuwa na zao. Kwa hiyo mtoto wa Tarime alikua akimjua Yesu wa Chicago na bustani ya Kimarekani kabla hajapanda basi kwenda Mwanza. Nyumba yetu ya nyasi, bibi na kitambaa chake, babu na mkono wake hewani, havikuwa kwenye ukuta wowote.

Nimesema Rockwell alikuwa fundi, na simnyang'anyi sifa. Ila mtazame tena bibi yake. Kavaa kofia ya kawaida ya mjini. Hana kile kitambaa cha Kimennonite, hana zile nguo zao. Barua ilisema Wamennonite, picha ikawatoa Umennonite wao, wakabaki bibi yeyote na mvulana yeyote, ili kila Mmarekani aseme huyu ni bibi yangu. Ndivyo picha za namna hii zinavyopikwa: huongezi chumvi, unapunguza. Unapunguza hiki, unapunguza kile, mpaka inabaki hamu tupu.

Na kuna mzaha ndani yake. Mwaka 1943 Rockwell huyuhuyu alichora picha nne juu ya uhuru wa aina nne alioutaja Rais Roosevelt, mmoja wao ukiwa uhuru wa kuabudu. Picha zile zilizungushwa mji kwa mji, zikasaidia kuuza hati za mkopo wa vita za zaidi ya dola milioni 132. Miaka minane baadaye anakopa sala ya watu ambao vita wameikataa tangu mababu. Sidhani alikaa akalifikiria. Wachoraji wengi hawafikirii hivyo, mikono yao ndiyo inayofikiri.

Sasa mwaka 1951, nakuomba uukumbuke, kwa sababu sisi pia tulipata picha yetu mwaka huo. Ni mwaka ambao Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Picha ya Serengeti hakuichora mtu mmoja. Imechorwa na sheria, na kamera, na watalii. Mwaka 1959 baba na mwana wa Kijerumani, Bernhard na Michael Grzimek, walitoa filamu iliyoipeleka Serengeti ulimwenguni kote ikapata na tuzo ya Oscar. Mwana alikufa kwa ajali ya ndege humuhumu kabla kazi haijakamilika, na huzuni yao ilikuwa ya kweli. Lakini ile Serengeti inayotamaniwa tangu hapo ni nyika isiyo na mtu. Nyumbu, simba, mti mmoja, jua linazama. Nenda Robanda uwaulize Waikoma kama nyika ile haikuwa na mtu. Uwaulize Wanata, Waisenye, Wangoreme. Babu zao walikuwa wawindaji, na sheria ya hifadhi ikawapa jina la jangili. Hakuna mtalii anayetamani kumwona mama wa Robanda akipepeta ulezi.

Hata wachoraji wetu wameingia mtego huo, na siwalaumu, tumbo halina likizo. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kuuza picha zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, mtindo wake, hata baada ya yeye kufariki 1972, umezaa wanafunzi kila mahali, na kwenye maduka ya njia ya watalii utawakuta tembo wa bluu, chui wa njano, twiga wanabusiana. Mtu akitokea ni Mmasai mmoja na mkuki. Mkurya hana soko labda acheze ngoma na vile viatu vya mbao virefu.

Lakini walikuwepo waliojaribu, nataka vijana wetu wawajue. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell kisha London, na uhuru ulipokuja akawa balozi wetu Uingereza. Alichora Kilimanjaro ya kijijini maisha yake yote: watu wanavuna, wanajenga, wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Hiyo ya pombe, ya mwaka 1956, ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York mwaka 1960. Watu wake ni wadogo, wamepangana kama mahindi shambani, nyuso hazina kisa. Katika zile nilizopata kuziona hakuna bwana shauri, hakuna kodi ya kichwa, hakuna askari. Kapunguza kama Rockwell. Mtu aliye mbali na kwao huchora hivyo, nami namwelewa, lakini namdai.

Elimo Njau namdai kidogo. Naye ni wa Kilimanjaro, Marangu, aliyezaliwa 1932. Mwaka 1959 alipewa kuta za kanisa la Kianglikana Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Picha tano za maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa mpaka msalaba. Njau akamchora Yesu Mwafrika, akamzalisha kwenye vilima vya Wakikuyu, kati ya watu wa pale. Fikiria mwaka wenyewe, hali ya hatari haijaondolewa, maiti bado zinahesabiwa, na jirani hamtazami jirani machoni. Mahali pale kuchora jikoni na mlima na watu wa kijiji hakukuwa kutamani zamani. Kulikuwa ni kuwaambia waliokaa kwenye mabenchi kwamba hili limetokea kwenu, na waliofanya wamo humu. Ukipita Murang'a ingia, ukae kimya kidogo.

Na Rockwell naye, tumtendee haki. Alieleza baadaye kwamba jarida la The Saturday Evening Post halikumruhusu kuwachora watu weusi isipokuwa wakiwa wanatumikia wengine. Mwaka 1963 akaondoka. Januari 1964, akiwa na miaka 69, akatoa kwenye jarida la Look picha ya mtoto wa kike mweusi wa miaka sita, gauni jeupe, rula na madaftari mkononi, anakwenda shule ya wazungu New Orleans akilindwa na askari wanne. Mtoto huyo ni Ruby Bridges, na jambo lenyewe lilitokea Novemba 1960. Ukutani nyuma yake kuna tusi limeandikwa, na nyanya imepasuka, imetiririka kama damu. Askari kawakata vichwa, unaona mabega tu, kwa hiyo macho ya kumtazama yule mtoto yanabaki yako. Kwangu hiyo ni jibu la picha ya 1951. Wale vijana wawili mezani, jarida lilikuwa limewachagulia nani wa kumtazama. Huyu mtoto alikuwa nje ya dirisha muda wote.

Basi nirudi Mugumu, kwenye meza ya nailoni. Nimekaa na picha ile mwezi mzima naipenda, kisha usiku mmoja nikajiuliza, mjukuu wa kike alikuwa wapi? Simjui yule bibi, simsingizii. Lakini mimi ni mtu wa huku. Najua Desemba inapokaribia nini husemwa jikoni, najua ngoma zinavyoanza, najua kwamba tohara ya msichana imekatazwa na sheria tangu 1998 na bado kila msimu wapo watoto wa kike wanaotembea usiku kwa miguu kwenda Masanga au kwenye nyumba salama hapohapo Mugumu, wakikimbia nyumba ambazo sala ya mezani haijawahi kurukwa. Najua bibi yangu mimi, mwenye kitambaa cheupe, aliyewaombea mpaka ng'ombe, aliwapeleka shangazi zangu wote. Wamishonari walimkataza, akawaitikia, akawapeleka. Sijamwacha kumpenda. Lakini nikimchora nikamwachia Jumapili tu, nitakuwa nimemtoa yeye na shangazi zangu kwenye picha.

Na Jumapili yenyewe, nimesema tulikula wote pamoja. Nilipomsimulia dada yangu hivyo, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, "Nani alikuwa anaipua?" Nikanyamaza. Kumbe ni yeye. Miaka yote ile, bibi akiwa anaomba, dada yangu alikuwa jikoni anasonga sufuria ya pili, na amina aliisikia kupitia ukuta wa udongo.

Kwa hiyo ombi langu leo ni kwa walimu wenzangu, wa Tarime na wa Serengeti, Sirari, Nyamongo, Nyamwigura, Nata, Issenye, wote. Kipindi cha kuchora kikifika, tembo mpeni mapumziko, bendera nayo ipumzike. Waambieni watoto wachore wanavyoanza kula nyumbani kwao. Anayeomba awepo, na asiyefumba macho awepo. Asiyeruhusiwa kukaa awepo, na aliye jikoni. Aliyehama, kaenda machimboni, aachiwe nafasi yake kwenye mkeka. Penseli inatosha, rangi si lazima, na msiwasahihishe.

Mimi nimeanza na mjukuu wangu wa darasa la tatu, binti mwenye maneno machache. Kachora sufuria kubwa kuliko watu wote, kamchora mama yake nyuma ya sufuria, mikono miwili na mwiko. Mimi kaniweka pembeni, macho wazi. Nimeibandika juu ya mlango.